Kikulacho ki Nguoni Mwako: Utambuzi wa Mori wa Kinga katika Ukanda wa Ziwa Viktoria

Utangulizi

Wahenga walinena kwamba kikulacho ki nguoni mwako. Aghalabu methali hii hutumiwa kuhusu binadamu wenzetu: jirani mnafiki, au ndugu auzaye shamba la urithi kwa siri. Makala haya yanaitumia kwa maana iliyo karibu zaidi nasi, yaani mwili wenyewe. Yananuia kueleza hali ambapo kinga ya mwili, ambayo kazi yake ni kumlinda mtu dhidi ya maradhi, hupindukia mpaka wake na kuanza kumla mwenye mwili. Katika lugha ya kitabibu hali hiyo huitwa limfohistiositosisi ya hemofagositi. Aidha, yananuia kuonyesha ni kwa nini hali hiyo ni ngumu kutambulika katika ukanda wa Ziwa Viktoria, na ni dalili zipi zinazoweza kumzindua mhudumu wa afya, au hata mzazi, kabla ya maji kuzidi unga.

Mimi si daktari. Ni mwanafunzi wa fasihi ya Kiswahili. Nililazimika kujifunza habari hizi mwaka 2022, wakati mtoto wa shangazi yangu, mvulana wa miaka 9 kutoka Usenge, alipolazwa katika hospitali moja ya rufaa. Shangazi huyo, ambaye sisi Wajaluo humwita waya, ni mchuuzi wa omena. Kiswahili chake ni cha sokoni, na maneno ya daktari yalikuwa mazito kwake. Nikaombwa nikalimani. Daktari alieleza kwa upole kwamba kinga ya mtoto ilikuwa inafanya kazi kupita kiasi, na kwamba angepewa dawa ya kuipunguza. Nilipoyatia maneno hayo katika Kijaluo, waya alinitazama kwa muda, kisha akaniuliza: "Mwanangu, kinga yaweza kuwa nyingi mno? Si tunaambiwa kila siku kwamba watu wanakufa kwa kukosa kinga?"

Sikuwa na jibu. Mtoto alifariki siku ya sita baada ya jina la ugonjwa wake kujulikana. Makala haya ni jaribio la kulitoa jibu hilo, ingawa limechelewa.

Kinga na mpaka wake

Swali la waya lilikuwa na mashiko. Kwa zaidi ya miaka 30 wakazi wa Nyanza wamejifunza habari za kinga kupitia janga la UKIMWI. Jina lenyewe la ugonjwa huo, Ukosefu wa Kinga Mwilini, limejenga katika fikira zetu mizani yenye upande mmoja tu: kinga ikipungua ni balaa, ikiongezeka ni heri. Ukweli ni kwamba kinga ni kama moto wa jikoni. Faida yake hupatikana ungali ndani ya mafiga.

Kirusi kinapoingia ndani ya seli ya mwili, kazi ya kuiangamiza seli hiyo huangukia hasa chembe nyeupe za damu za aina mbili: seli T na seli ziitwazo NK. Chembe hizi huikumbatia seli iliyoambukizwa, huitoboa kwa protini iitwayo perforini, na kupitia tundu hilo hupenyeza sumu inayoiua. Wakati huohuo hupiga mbiu. Mbiu hiyo ni kemikali ziitwazo sitokini, mojawapo ikiwa interferoni gama, ambazo huziita makrofaji zije kusaidia. Makrofaji ni seli kubwa zenye kazi ya kumeza vijidudu na mabaki ya seli zilizokufa.

Jambo la kuzingatia hapa ni kwamba kifo cha seli iliyoambukizwa ndicho kinachoizima mbiu. Seli ikishakufa, chembe iliyoiua huachana nayo na utulivu hurejea. Iwapo kazi hiyo haikamiliki, ama kwa sababu perforini ni mbovu tangu kuzaliwa, ama kwa sababu seli zilizoambukizwa au seli za saratani haziishi, kumbatio haliachiwi na mbiu huendelea kulia. Hapo makrofaji hupandwa na mori. Huanza kumeza chembe nyekundu, chembe nyeupe na chembe za kugandisha damu, ambazo hazina hatia yoyote, ndani ya uboho wa mifupa, wengu na ini. Homa hupanda bila kukoma, wengu hufura, damu hupungua, ini huharibika, na hata uwezo wa damu kuganda hupotea. Mgonjwa asipotibiwa, aghalabu hufa katika muda wa wiki au miezi michache.

Hivyo basi, jibu la swali la waya ni ndiyo, lakini kwa namna maalumu. Tatizo si kwamba mtoto alikuwa na askari wengi kuliko wenzake. Tatizo ni kwamba askari wake hawakuweza kuumaliza wito waliouitikia, na hakuna aliyewaamuru warudi kambini.

Historia kwa ufupi

Mwaka 1939 madaktari wa Uingereza, Scott na Robb-Smith, waliwaeleza wagonjwa wachache waliokuwa na homa, kukonda, kuvimba kwa tezi, wengu na ini, pamoja na upungufu wa damu. Walipochunguza viungo vyao waliona seli zilizokuwa zimemeza chembe za damu. Mwaka 1952 Farquhar na Claireaux wakaeleza hali kama hiyo mjini Edinburgh katika watoto wachanga wawili wa familia moja, jambo lililoashiria kwamba inaweza kurithiwa. Mwaka 1979 Risdall na wenzake huko Marekani wakaonyesha kwamba virusi vinaweza kuianzisha hata kwa mtu asiye na urithi huo. Mwaka 1999 ikagunduliwa kwamba baadhi ya watoto wanaoirithi wana hitilafu katika jeni ya perforini.

Jina la kitaalamu limetokana na Kigiriki: haima ni damu, na phagein ni kula. Sehemu iliyobaki ya jina inataja aina za seli zinazoongezeka. Kwa ujumla, wataalamu huigawa hali hii katika mafungu mawili. Kuna ile ya kurithi, ambayo hujitokeza zaidi utotoni, na kuna ile inayozuka baadaye kutokana na kichocheo. Vichocheo vikuu ni maambukizi, saratani, hasa saratani ya tezi iitwayo limfoma, na maradhi ya baridi yabisi ya aina fulani. Hata hivyo, mipaka ya mafungu hayo si ukuta wa mawe: mtoto aliyerithi kasoro anaweza kukaa salama hadi siku atakapopata maambukizi ya kawaida.

Kirusi, malaria na saratani ya tezi

Usenge ni mji wa wavuvi ulioko ufuoni mwa ziwa, katika eneo la Yimbo, kaunti ya Siaya, karibu na kilima cha Got Ramogi. Barabara ya kutoka Kisumu hupitia Kisian, Kombewa, Ndori na Bondo kabla ya kufika pale ambapo omena huanikwa juani. Msafiri anayepita Kisian huwa anakipita kituo cha utafiti cha KEMRI, ambacho kwa miaka mingi kimechunguza malaria na maradhi yanayofuatana nayo. Hii si sadfa. Ukanda huu ni miongoni mwa sehemu za dunia ambako uhusiano wa maambukizi na saratani ya tezi umechunguzwa kwa kina, na chanzo cha uchunguzi huo kiko ng'ambo ya ziwa hilihili.

Mwaka 1957 daktari mpasuaji kutoka Ireland, Denis Burkitt, aliyekuwa akifanya kazi katika hospitali ya Mulago mjini Kampala, alimwona mtoto aliyevimba taya pande zote. Alianza kuwatafuta watoto wengine wa aina hiyo, na mwaka 1958 akachapisha maelezo ya uvimbe ambao sasa huitwa limfoma ya Burkitt. Mwaka 1961 yeye na madaktari wenzake wawili walifunga safari ya gari ya kilomita zipatazo 16,000, wakiuliza kila hospitali iwapo uvimbe huo ulijulikana. Ramani waliyoipata ilifanana na ramani ya malaria: uvimbe ulionekana katika nchi za joto na mvua, na ulitoweka katika nyanda za juu. Mwaka huohuo mhadhara wake mjini London ulisikilizwa na mtafiti Anthony Epstein. Mwaka 1964 Epstein, Bert Achong na Yvonne Barr walitangaza kwamba wamekiona kirusi kipya katika seli zilizotokana na uvimbe uliosafirishwa kutoka Uganda. Kirusi hicho kinaitwa Epstein-Barr, au kwa ufupi EBV.

EBV huenea kwa mate, na karibu watu wazima wote duniani wanacho. Katika nchi tajiri wengi hukipata wakiwa vijana. Huku kwetu hupatikana utotoni kabisa, na imeonekana kwamba watoto wachanga wa Kisumu hukipata mapema zaidi kuliko wenzao wa milima ya Nandi, ambako malaria ni haba. Kirusi hiki hujificha ndani ya seli B, nazo seli T hukidhibiti maisha yote. Malaria ya mara kwa mara huzichochea seli B kuzaana ovyo na huzidhoofisha seli T zinazokilinda kirusi kisitoroke. Ndiyo maana shirika la kimataifa la utafiti wa saratani, IARC, liliiweka EBV miongoni mwa visababishi vya saratani mwaka 1997, na mwaka 2012 likaitaja malaria ya maeneo yenye maambukizi mengi mno kuwa kisababishi kinachoelekea kuwa hivyo.

Uhusiano wa habari hizi na mori wa kinga uko wazi. Miongoni mwa maambukizi yote, EBV ndiyo inayotajwa mara nyingi zaidi kuwa kichocheo chake. Miongoni mwa saratani zote, limfoma ndizo zinazoongoza. Ni haki kuongeza kwamba limfoma ya Burkitt yenyewe si kinara katika jambo hili. Zinazotajwa zaidi ni limfoma za seli T na NK, limfoma ya Hodgkin na limfoma ya seli B kubwa, nyingi zikiwa zimebeba EBV ndani yake. Virusi vya UKIMWI huongeza uwezekano wa limfoma hizo. Kifua kikuu, malaria yenyewe, na kalazaa inayopatikana Baringo, Pokot Magharibi na Turkana, vinaweza pia kuwa vichocheo. Kwa ufupi, vichocheo vingi vimekutana ufuoni mwa ziwa.

Neno homa na mtego wake

Iwapo vichocheo ni vingi, mbona hali hii hutambuliwa kwa nadra? Sababu moja ni ya kimaabara, nami nitaifikia. Sababu nyingine ni ya kilugha, na mwanafunzi wa Kiswahili ana haki ya kuitaja.

Neno homa lina maana mbili. Kwanza ni joto la mwili linalozidi kiasi, yaani dalili. Pili ni ugonjwa, kama katika homa ya matumbo, homa ya manjano, homa ya dengi na homa ya uti wa mgongo. Linapotumiwa peke yake katika maeneo ya malaria, homa huwa ni malaria. Kijaluo nacho husema del maliet, mwili wenye joto, na msikilizaji hukamilisha mwenyewe. Dalili inapogeuka kuwa jina la ugonjwa, hakuna tena haja ya kuuliza chanzo chake. Mama husema mtoto ana homa, mwuza dawa husikia malaria, na mazungumzo huishia hapo.

Maabara, ambayo ingetarajiwa kuukata mkanganyiko huo, wakati mwingine huukaza. Hapa pana mambo mawili. La kwanza ni kwamba katika ukanda wa ziwa watoto wengi hubeba vimelea vya malaria bila kuugua. Utafiti wa kitaifa wa viashiria vya malaria wa mwaka 2020 ulionyesha kwamba watoto 19 kati ya kila 100 katika ukanda huu walikuwa na vimelea, ikilinganishwa na 6 kati ya 100 nchini kote. Kwa hiyo, kuonekana kwa vimelea katika damu ya mtoto mwenye homa si ithibati kwamba vimelea ndivyo vilivyoleta homa ile. La pili ni kwamba kipimo cha haraka kinachotumiwa sana hutafuta protini ya vimelea, wala si vimelea wenyewe. Protini hiyo hubaki katika damu kwa wiki kadhaa baada ya vimelea kufa. Mtoto aliyekwisha kupona malaria anaweza kupimwa tena na kipimo kikasema anayo.

Mvulana wetu alipimwa hivyo mara tatu katika muda wa wiki tatu, katika vituo viwili tofauti, na mara zote majibu yalikuwa yaleyale. Alimeza dozi mbili kamili za dawa ya mseto, kisha dawa ya homa ya matumbo. Simlaumu mhudumu yeyote. Kila mmoja alifuata alichokiona mbele yake. Lakini swali ambalo halikuulizwa lilikuwa hili: ikiwa dawa imemezwa sawasawa na homa haijashuka, je, tunatibu homa ileile?

Vigezo vinane

Hakuna kipimo kimoja kinachoweza kusema moja kwa moja kwamba mgonjwa ana mori wa kinga. Utambuzi wake ni wa kukusanya ushahidi. Chama cha kimataifa cha wataalamu wa maradhi ya seli hizi kiliweka vigezo vinavyojulikana kama vya mwaka 2004. Mgonjwa anayetimiza vitano kati ya vinane huhesabiwa kuwa nayo:

(i) Homa.

(ii) Kuvimba kwa wengu.

(iii) Kupungua kwa angalau aina mbili kati ya tatu za chembe za damu: himoglobini chini ya gramu 9 kwa desilita, chembe za kugandisha damu chini ya 100,000 kwa mikrolita, au chembe nyeupe aina ya nyutrofili chini ya 1,000 kwa mikrolita.

(iv) Kuzidi kwa mafuta ya damu yaitwayo trigliseridi, au kupungua kwa fibrinojeni, ambayo ni protini ya kugandisha damu.

(v) Feritini, protini inayohifadhi madini ya chuma, kufikia mikrogramu 500 kwa lita au zaidi.

(vi) Kuonekana kwa seli zilizomeza chembe za damu katika uboho, wengu au tezi.

(vii) Udhaifu wa seli NK.

(viii) Kuzidi kwa kipokezi cha CD25 kinachoelea katika damu, ambacho ni alama ya seli T zilizohamaki.

Vigezo viwili vya mwisho huhitaji maabara za hali ya juu. Kwa bahati nzuri, wataalamu walipovipitia upya mwaka 2024 walikiondoa kigezo cha seli NK, na sasa wanahesabu vitano kati ya saba. Cha kutia moyo zaidi ni kwamba vitatu vya kwanza havihitaji mitambo ya ajabu. Kipimajoto, mkono wa mhudumu juu ya tumbo la mtoto, na hesabu kamili ya damu vinatosha kuibua shaka. Feritini na trigliseridi hupimwa katika maabara nyingi za miji mikubwa.

Tutazame mfano wa mvulana wetu. Homa alikuwa nayo. Wengu wake ulishuka vidole vinne chini ya mbavu. Himoglobini ilikuwa 6.1, na chembe za kugandisha damu 38,000. Feritini yake ilizidi 10,000, nayo trigliseridi ilikuwa juu. Vigezo vitano vilitimia kabla ya sindano ya uboho kuguswa. Tanbihi ni kwamba vitatu vya mwanzo vilikuwepo Usenge, katika mwili wake, siku alipopimwa mara ya pili.

Hata hivyo, tahadhari inahitajika. Malaria kali inaweza kuleta homa, wengu mkubwa na upungufu wa damu, na maambukizi makali ya bakteria katika damu yanaweza kupandisha feritini. Ndiyo maana kiwango huzingatiwa. Utafiti uliofanywa mjini Houston na kuchapishwa mwaka 2008 ulionyesha kwamba kwa watoto, feritini inayozidi 10,000 huashiria hali hii kwa uhakika mkubwa. Kwa watu wazima maradhi ya ini na figo pia hupandisha feritini, hivyo ushahidi zaidi unahitajika, na mwaka 2014 watafiti wa Ufaransa walibuni mfumo wa alama kwa ajili yao. Ipo pia dalili ya gharama ndogo ambayo hupuuzwa. Katika maambukizi mengi kasi ya chembe nyekundu kutuama ndani ya mrija huongezeka. Katika mori wa kinga fibrinojeni hupungua, na kasi hiyo yaweza kushuka huku homa ikipanda. Mwenendo huo wa kinyume unapaswa kumshtua daktari.

Kumtafuta aliyepiga mbiu

Kuitambua hali hii ni nusu tu ya kazi. Nusu ya pili ni kukitambua kichocheo, maana moto haufi kwa kupunga moshi. Mgonjwa huchunguzwa virusi vya UKIMWI, EBV, kifua kikuu, malaria kwa darubini, na kalazaa iwapo ametoka au amepitia maeneo yake. Tezi yoyote iliyovimba hukatwa kipande kikachunguzwe, na uboho huchotwa. Kwa mvulana wetu, tezi ya shingoni ndiyo iliyotoa siri: ilikuwa limfoma ya Hodgkin. Tezi hiyo waya alikuwa ameiona mapema, akadhani ni ya jino.

Mpangilio wa hatua ni muhimu. Dawa ya kwanza ya kuituliza kinga huwa ni deksamethasoni. Dawa hiyo pia huzinywesha seli za limfoma kwa muda, hivyo ikitolewa kabla ya kipande cha tezi kukatwa, saratani inaweza kujificha na kuonekana baadaye ikiwa imekomaa. Vilevile inaweza kukipa nguvu kifua kikuu kisichojulikana. Iwapo hali ya mgonjwa inaruhusu, kipande hukatwa kwanza. Iwapo haimruhusu kungoja, uhai hutangulizwa.

Kwa watoto walio na hali ya kurithi au isiyo na saratani, deksamethasoni huunganishwa na etoposidi kwa mpango ulioanza mwaka 1994. Kabla ya mipango ya aina hiyo wengi wa watoto waliorithi hali hii walikufa ndani ya miezi miwili hivi. Katika mpango huo asilimia 54 walikuwa hai baada ya miaka 5. Chanzo kikiwa limfoma, limfoma yenyewe hutibiwa. Chanzo kikiwa kalazaa, mara nyingi dawa ya kalazaa pekee hutosha, na dawa kali za kuiteketeza kinga hazihitajiki. Hapa msomaji ataona thamani ya utambuzi: wagonjwa wawili wenye homa ileile, wengu uleule na feritini ileile wanaweza kuhitaji dawa zilizo mbali kama mbingu na ardhi.

Suala la istilahi

Siku ile kando ya kitanda nilikosa neno. Nilisema kinga nyingi, na ndilo lililomchanganya waya, kwa sababu neno nyingi linasifu. Nilijaribu baadaye kinga kali, lakini kali huweza kuwa sifa pia, kama dawa kali. Kulitohoa jina la Kigiriki lote ni sahihi kitaaluma, nami nimelitaja hapo juu, ila halimsaidii mama aliye wodini.

Ninapendekeza mori wa kinga. Mtu aliyepandwa na mori hajapata nguvu mpya, amepoteza kipimo. Hamtambui ndugu wala adui, na wanaompenda humshika mikono kwa nguvu wakingoja atulie. Jazanda hiyo inaeleza pia tiba: deksamethasoni ndiyo mikono inayomshika, na kukitafuta kichocheo ni kuuliza ni nani aliyemchokoza. Jazanda ya askari, tuliyoizoea tangu mafundisho ya UKIMWI, haifi kwa hilo. Inapata tu sura yake ya pili, ile ya askari anayewageukia raia. Wenzangu wa isimu watalipima pendekezo hili kwa vigezo vyao. Mimi nimelipima kwa msikilizaji mmoja.

Hitimisho

Makala haya yameeleza kwamba kinga inaweza kuua kwa kutojua kukoma, kwamba EBV, malaria na limfoma vimekutana katika ukanda wa ziwa, na kwamba utambuzi hucheleweshwa na neno homa pamoja na kipimo kinachoendelea kusema ndiyo baada ya malaria kwisha. Sidai kwamba mvulana wetu angepona laiti angetambuliwa wiki mbili mapema. Limfoma yake ilikuwa imeenea, na hali hii huua hata katika hospitali zenye kila kitu. Ninachodai ni kwamba wiki hizo mbili zilikuwa zake, na zilipotea.

Nilipomaliza rasimu nilikwenda Usenge na kumsimulia waya yaliyomo kwa Kijaluo, tukiwa tumeketi kando ya turubai la omena. Alisikiliza hadi mwisho. Kuhusu mori alitikisa kichwa akasema ameelewa. Kisha akaniuliza ni nini alichopaswa kusema siku ile ya kipimo cha pili. Nilimjibu kwamba angesema: "Mtoto amemeza dawa zote na homa haijashuka. Naomba mumguse tumbo, mtazame shingo yake, na mpime damu yote."

Aliyarudia maneno hayo mara mbili, kisha akaniambia niyaandike.